Mwizi Asiye na Viatu

Sebuleni kwetu, katika kambi ya Mutoshi, Kolwezi, ukutani palikuwa na picha moja tu. Baba aliinunua jioni ya siku ya mshahara kwa kijana mchoraji aliyekuwa akipita mlango kwa mlango, turubai zake kazikunja kwapani kama mikeka. Zilikuwa turubai kwa jina tu. Ukiigeuza picha yetu nyuma ulikuta maandishi ya kinu yaliyofifia, kwa sababu ilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, ndugu wa magunia ya mposho, yaani posho ya chakula, tuliyoletewa kila mwezi.

Watu wa Katanga wa umri wangu wanaijua picha hiyo hata nisipoieleza, maana miaka ya sabini ilitundikwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi, kila mchoraji akiichora kwa mkono wake. Inaitwa Colonie belge. Mfungwa amelazwa kifudifudi, kaptula imeshushwa, askari mweusi ameinua fimbo ya kiboko. Kando yake amesimama ofisa Mzungu mwenye kofia ngumu, anatazama. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari ya manjano na nyeusi, wanaendelea na kazi zao. Juu inapepea bendera ya Ubelgiji.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Nilizoea kulala sakafuni chini ya picha hiyo, saruji ikinipoza tumbo, nikisoma bede. Ndivyo tulivyoviita vitabu vya hadithi za picha, kwa kufupisha maneno ya Kifaransa. Jioni moja niliinua macho kutoka kwenye bede, nikamtazama mfungwa wa ukutani, nikauliza, "Baba, ule muntu aliiba nini?"

Baba alikuwa akivua viatu vya mgodini. Aliacha kiatu kimoja mguuni, akanitazama muda mrefu. "Nani alikuambia aliiba?"

Sikuwa na jibu. Picha yenyewe haikusema aliiba, wala mtu hakuwa ameniambia. Nilijua tu, kama nilivyojua kwamba moto unaunguza: mtu anayepigwa na polisi ni mwizi. Elimu hiyo nilikuwa nimeipata ukurasa kwa ukurasa, kwa raha kubwa, na kuifumua kumenichukua sehemu kubwa ya maisha yangu.

Bede zetu zilitoka pande mbili. Kwanza vile vitabu vidogo vya Kifaransa vya rangi nyeusi na nyeupe, Blek na Zembla, vilivyotufikia mkono wa tano au wa sita, bila jalada, mara nyingi bila ukurasa wa mwisho. Pili lilikuwa jarida la Kinshasa, Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa mwaka 1968 na Achille Ngoye na Freddy Mulongo, ambalo wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu lilibadilishwa jina likaitwa Kake, yaani radi kwa Kilingala. Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli. Kila aliporudi kutoka Ilebo, njia ile ndefu ya kupitia Kananga, Kamina na Tenke, alikuwa na nakala moja au mbili zimefungiwa samaki mkavu. Tulizinusa kabla ya kuzisoma.

Humo ndani alikuwamo Apolosa, polisi, na alikuwamo Sinatra, wote wawili kazi ya mkono wa Denis Boyau. Walizungumza indubili, lugha ya vijana wa mitaa ya Kinshasa, na sisi wa Kolwezi tulishika nusu yake tu. Nusu iliyobaki tuliijaza wenyewe kwa Kiswahili chetu. Pengine ndiyo sababu tulizipenda mno: kila mmoja wetu alikuwa mwandishi wa nusu ya hadithi. Na zaidi ya vichekesho, kilichotukalisha chini ni kwamba zilikuwa za mjini kwetu. Blek alipigana na Waingereza katika misitu ya Amerika, habari za mbali. Apolosa alimkimbiza mtu katika mtaa wenye vumbi, wenye bia, wenye mama muuza mikate, na mtu huyo tulihisi kama tunamjua.

Siku hizi nikimtaja Achille Ngoye kwa vijana, wanaoijua kazi yake wanamjua kwa riwaya zake za uhalifu alizoziandika Paris; mwaka 1996 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchapishwa katika Série noire, ule mfululizo mashuhuri wa riwaya za kijambazi wa nyumba ya Gallimard. Mimi namkumbuka kwa harufu ya samaki mkavu.

Sasa nifike kwenye daftari, ambalo ndilo linalonifanya niandike.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi kijana wa miaka kama kumi na tisa. Tulimwita yaya, kama tulivyowaita wote waliotuzidi umri kidogo. Ndiye aliyetufundisha kutengeneza magari ya waya: jinsi ya kukunja bamba, jinsi ya kupitisha usukani mrefu ili uendeshe ukiwa umesimama, jinsi ya kufanya magurudumu ya mbele yageuke kweli. Hakuwahi kutudai kitu. Asubuhi moja habari zilitembea kambini kwamba amekamatwa usiku karibu na reli akiwa na mviringo wa waya wa shaba. Kufikia saa nne habari ilikuwa na miguu minne: alikuwa na wenzake, alikuwa na kisu, alikuwa ameuza mara nyingi, mama yake alijua.

Mimi sikuona hata moja ya hayo. Lakini nilikuwa na daftari jipya, penseli mbili, na mkono uliojua kuchora, na zaidi ya yote nilijua hadithi ya namna hiyo inavyokwenda. Nikagawa kurasa visanduku vinne vinne. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: HADITHI YA KWELI. Nikamchora yaya akitambaa gizani, macho meupe, hana viatu. Nikamchora akicheka peke yake huku amebeba waya begani kama nyoka. Nikampa jina, Waya. Nikamchora mama yake akihesabu pesa. Katika kisanduku cha mwisho nikamweka nyuma ya nondo, na mbele yake polisi amewageukia wasomaji, kidole juu, akiwaambia kwamba wizi hauna faida.

Daftari lilizunguka darasa zima, likaenda madarasa mengine. Mvulana mmoja alinilipa mikate miwili ili anakili. Sijawahi tena maishani, hata baada ya miaka thelathini ya kuchora vibao vya maduka mjini Kolwezi, kupata wasomaji wenye shauku kama wale.

Yaya alitoka baada ya miezi kadhaa. Watoto walimpokea njiani kwa kelele, "Waya! Waya!" Walikuwa watoto walewale aliowafundisha kupinda bamba. Hakuturudishia neno. Hakutengeneza gari tena. Baada ya muda tukasikia amekwenda kwa baba yake mdogo, Likasi. Kisha ukaja Mei 1978, waasi waliotoka Angola wakauingia mji tarehe 13, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, na katika siku hizo nyumba yetu ilibaki wazi. Tuliporudi, picha ya baba haikuwapo ukutani. Daftari pia halikuonekana tena, nami nikafurahi kwa siri kwamba limepotea.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba ile hadithi yangu ilikuwa imeshachorwa na wengine, ng'ambo ya bahari, zaidi ya miaka thelathini kabla ya daftari langu, karibu kisanduku kwa kisanduku. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu jinsi ya kufungua majarida ya zamani ya Marekani ambayo watu wameyapiga picha na kuyaweka kwenye intaneti. Nikakutana na Crime Does Not Pay. Jina lake maana yake ni hiyohiyo niliyoiweka kinywani mwa polisi wangu: uhalifu haulipi. Nilikaa na simu ile mpaka chaji ikaisha.

Lilianza katikati ya mwaka 1942, na halikuanza na namba 1. Mchapishaji Lev Gleason alikuwa na jarida jingine, Silver Streak, akalibadilisha jina na kuendeleza hesabu, hivyo toleo la kwanza la uhalifu lilikuwa namba 22. Wahariri wake walikuwa wawili, Charles Biro na Bob Wood. Wakati ule vitabu vya picha vya Marekani vilikuwa vimejaa mashujaa wanaoruka angani. Hawa wawili wakaleta kitu tofauti: wauaji na majambazi waliokuwa wameishi kweli, waliokuwa wameandikwa magazetini, wenye majina, miji na tarehe. Na hadithi nyingi zilikuwa na msimulizi, kizuka mwenye kofia ndefu na meno yaliyochongoka, aitwaye Bwana Uhalifu. Anapita ndani ya visanduku bila kuonekana na wahusika, anamnong'oneza msomaji, anampongeza muuaji, kisha mwishoni anamcheka akipelekwa kwenye kiti cha umeme.

Nilipomwona kizuka yule nilishtuka. Ndiye niliyekuwa mimi, nimelala kwenye saruji na penseli yangu.

Katikati ya miaka ya 1940 majalada yalikuwa yakitangaza wasomaji zaidi ya milioni 5 kwa mwezi. Hesabu hiyo ilijumlisha mikono yote ambayo nakala moja ilipitia, na sisi wa Mutoshi tunaelewa hesabu ya namna hiyo kuliko mtu yeyote. Bei ilikuwa senti 10. Walisoma watoto, walisoma watu wazima, walisoma askari waliokuwa vitani. Vita vilipokwisha wachapishaji wengine wakaiga, na kufikia 1948 vibanda vya magazeti vilijaa majina ya uhalifu.

Kwa nini yalipendwa kiasi hicho? Nimelifikiria hili kama mtu aliyewahi kutengeneza bidhaa ileile. Neno "kweli" lina nguvu ya ajabu linapowekwa juu ya picha. Msomaji wa hadithi ya kubuni anakubali kudanganywa kidogo. Msomaji wa hadithi ya kweli anaamini ametoka kujua jambo, na anafunga kitabu akiwa na hadhi ya shahidi ingawa hakuwapo. Kisha kuna mpangilio. Kurasa saba mhalifu anakula, anavaa, anapiga, anatawala chumba. Kisanduku kimoja anakufa. Ukimuuliza mtoto, atakutajia kile kisanduku kimoja, kwa sababu anajua wewe unataka kusikia nini, lakini macho yake yalikuwa kwenye zile kurasa saba. Hata jalada lilisema hivyo: neno linalomaanisha uhalifu lilitanda juu kwa herufi kama matofali, na yale maneno mengine, ya kwamba haulipi, yalibanwa chini yake madogomadogo.

Na kuna utamu wa tatu, ambao naona haya kuukiri. Kumwona mwingine akiwa mwizi kunakupa usafi wa bure. Kambi nzima ilikuwa na waya wa shaba. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa waya wa shaba. Nyaya za magari yetu ya kuchezea, nani aliwahi kuuliza zimetoka wapi? Nilipomweka yaya ndani ya kisanduku nilikuwa nikitutoa sisi wote nje yake.

Wazazi wa Marekani walistuka, na mstuko wao ulikuwa na sababu. Desemba 1948, mjini Binghamton, watoto wa shule ya parokia walirundika vitabu kama 2,000 uwanjani wakavichoma moto, mapadri na watawa wakiangalia. Kanada ilipiga marufuku vitabu vya picha vya uhalifu kwa sheria ya mwaka 1949, na marufuku hiyo ilikaa katika vitabu vyake vya sheria hadi 2018. Ufaransa nayo ilitunga sheria tarehe 16 Julai 1949 kuhusu machapisho ya watoto, ikikataza ujambazi na wizi kuonyeshwa kwa sura ya kuvutia. Kwa hiyo wale Blek na Zembla waliotufikia kambini walikuwa wameshapitia chujio hilo.

Aliyepiga kelele zaidi ni daktari wa akili Fredric Wertham. Mashabiki wa vitabu vya picha wamemchora kama adui mwenye roho mbaya, nami sikubaliani nao kabisa. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, ndani ya jengo la kanisa, ambako watu weusi na maskini walitibiwa kwa senti 25 au bure, wakati hospitali nyingi ziliwafungia milango. Aliwajali watoto wale kwa dhati. Lakini kitabu chake cha 1954, Seduction of the Innocent, kilipowanukuu, kilifanya jambo ambalo mimi mwenye daftari nalitambua mara moja. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupekua makaratasi ya Wertham yaliyohifadhiwa Washington, alionyesha kwamba daktari alikuwa amebadili maneno ya watoto, ameunganisha wawili wakawa mmoja, ameacha sehemu zilizoeleza mambo mengine yaliyowaharibu: nyumba, vipigo, mtaa. Alihitaji mtoto aliyeharibiwa na bede. Akamchora.

Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya Seneti ilifanya vikao New York, na ilipofika Oktoba wachapishaji wenyewe wakajitungia kanuni ili serikali isiwaingilie. Nimeisoma kanuni hiyo. Ilifika mpaka kwenye ukubwa wa herufi: neno "uhalifu" lisiwe kubwa kuliko maneno mengine ya jina la jarida, wala lisikae peke yake jaladani. Wema lazima ushinde kila mara, mhalifu aadhibiwe kila mara. Na kuna kipengele kinachosema polisi, mahakimu na wakubwa wa serikali wasionyeshwe kamwe kwa namna itakayowavunjia heshima. Crime Does Not Pay lilijaribu kuishi chini ya kanuni hiyo, likafa mwaka 1955, toleo la 147. Miaka mitatu baadaye Bob Wood, mmoja wa wale wahariri wawili, alimuua mwanamke katika hoteli ya New York, akafungwa. Watu husimulia habari hiyo kwa utamu, kama kisanduku cha mwisho kilichokuwa kinakosekana. Mimi nikiisoma namfikiria mwanamke yule, ambaye katika simulizi zote hana kazi nyingine ila kufa.

Kile kipengele cha polisi na mahakimu ndicho kilichonirudisha sebuleni kwetu. Maana kwa kanuni hiyo, picha ya baba isingechapishwa. Askari anapiga, ofisa anatazama, bendera inapepea, na mchoraji hakuandika popote kosa la aliyelala chini. Hakuliandika kwa makusudi, naamini leo. Aliacha pengo pale ambapo bede huanza. Msomaji wa bede hupewa kosa kwanza, kisha adhabu. Mtazamaji wa Colonie belge hupewa adhabu peke yake, akaachwa nayo, mpaka ajiulize ni nani hasa katika picha ile anayetenda uhalifu. Baba alikuwa amekaa na swali hilo ukutani miaka mingi. Mimi nikalijibu kwa sekunde moja.

Sisi watu wa shaba tulikuwa na wachoraji wetu wa uhalifu wa kweli, na sikujua. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville mwaka 1947, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga historia yote ya nchi, picha 101, alizomweleza moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Ukizipanga mfululizo ni bede kubwa. Ndani yake kuna mauaji ya tarehe 17 Januari 1961: Lumumba amelala chini pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na kwa mbali misalaba mitatu juu ya kilima. Muuaji haonekani kwenye picha hiyo. Hakuna Bwana Uhalifu wa kutunong'oneza. Aliyechora hivyo alikuwa kijana maskini aliyeuza picha zake mitaani ili ale, chini ya utawala usiopenda maswali. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alitoweka, na hakuonekana tena. Fabian alizichapisha picha hizo katika kitabu mwaka 1996. Zenyewe ziko kwenye jumba la makumbusho Amsterdam.

Nimeishi Mutoshi muda wa kutosha kuona mtu yuleyule akichorwa mara tatu. Hapa palipoitwa Ruwe zamani za Wabelgiji, aliyechimba shaba kwa mshahara aliitwa mfanyakazi, na kambi ikampa nyumba, shule na mposho. Kampuni ya migodi, Gécamines, ilipoanza kuanguka, mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, na hasa baada ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuondolewa mwaka 2003, wana wa wafanyakazi wale walirudi kwenye mashimo yaleyale na sululu zao. Sheria ya madini ya 2002 ilimruhusu mchimbaji mdogo, lakini ndani ya maeneo yaliyotengwa tu, na maeneo yenyewe yalikuwa machache. Aliyeruka uzio akawa mwizi. Walinzi wakawakimbiza, magunia yakamwagwa. Halafu mwaka 2018, katika eneo la Mutoshi lililokuwa chini ya kampuni ya Chemaf, ukaanzishwa mpango wa wachimbaji wadogo pamoja na kampuni ya Trafigura na shirika la Pact, wachimbaji wakiwa katika ushirika. Palizungushiwa uzio, watu wakaandikwa, wakapewa helmeti, buti na kadi, na wanawake wakaruhusiwa kuingia, jambo lililovunja ule uongo wa siku nyingi kwamba mwanamke akikanyaga shimoni madini yanakimbia. Jiwe lilikuwa lilelile. Mkono uleule. Aliyeitwa mwizi mwaka uliotangulia akapiga picha na wageni, akitabasamu.

Sisemi kwamba hakuna wizi. Nimeibiwa, najua uchungu wake. Nasema kwamba kabla ya kumtazama mtu ndani ya kisanduku nimejifunza kumtazama kwanza aliyeshika penseli: amesimama wapi, analipwa nini, alikuwapo? Mimi nililipwa mikate miwili, na sikuwapo.

Mwaka 2019 nilikwenda kwenye kilio cha mzee mmoja wa kambi yetu ya zamani. Usiku wanaume tulikaa uani kuzunguka moto, viti vya plastiki, turubai juu. Dada mmoja mwenye fulana ya kazi ya mgodini alikuwa akigawa chai. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, buti zake bado zina udongo mwekundu. Aliponipa kikombe, mzee aliyekaa kando yangu akasema, "Huyu ni binti yangu." Kisha, baada ya kunywa kidogo: "Nawe ulikuwa unachora."

Sauti niliitambua kabla ya uso. Nilitaka kusimama, miguu haikutaka.

"Daftari lako nililiona," akasema. "Mama alilikuta kwa mdogo wangu, ile iliyonakiliwa. Alilificha chini ya godoro. Nilipotoka alinionyesha, maana hakutaka nilione kwa watu."

Niliomba msamaha. Nilisema maneno mengi, yalikuwa yamekaa miaka arobaini na zaidi, yakatoka yakigongana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Moto ulikuwa umepungua; binti yake akaongeza kuni, akaondoka na sinia.

"Viatu," akasema.

"Yaya?"

"Ulinichora bila viatu. Kila picha, miguu mitupu. Ile siku nilikuwa nimevaa viatu vya baba, vya mgodini. Vilikuwa vikubwa, njo maana sikuweza kukimbia." Aliitazama miguu yake. "Mama njo alilia hapo. Hayo mengine aliyaacha. Alisema, mtoto wangu hatembeagi bila viatu."

Nilikaa kimya. Mama yule, niliyemchora akihesabu pesa, alikuwa ameshika karatasi yangu akatafuta ndani yake jambo moja la kweli kuhusu mwanawe, akalikosa.

Wenzetu walikuwa wameanza wimbo mwingine upande wa wanawake. Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamuuliza lile ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye penseli mbili angeweza kumuuliza wakati wowote, nyumba tatu tu kutoka kwao.

"Yaya, ilikuwa namna gani?"

Alisogeza kigogo kwa ncha ya kiatu, cheche zikaruka. Akafikiri.

"Ile siku ilikuwa Jumatano," akasema.